Shajara ya mradi: CD za mjomba, na mtandao unaokatika katikati ya kazi

Jumamosi, mchana

Kazi ya kunakili CD za mjomba kwenye kompyuta imeanza. Amenikabidhi zote: rumba ya Kongo, benga, taarab ya Mombasa na Lamu, kwaya za makanisa ya hapa Nairobi, na rundo la CD za kuchomwa alizonunua River Road enzi zile kila duka la muziki lina spika mlangoni. Baadhi zimeanza kufa. Ukiinua moja ya zile za benga mbele ya taa unaona vitundu vya mwanga pale utando wa fedha ulipobambuka, na kilichobambuka hakirudi. Ndiyo maana sitaki kungoja. Mengi ya haya sijayapata kwenye programu yoyote ya kusikilizia muziki, na nimetafuta sana.

Mashine ninayotumia ni kompyuta ya mezani ya zamani, inaendesha Linux. Laptopu yangu haina draivu ya CD, na hata ningenunua ile nyembamba ya USB, hii ya ndani husoma CD zilizokwaruzika kwa utulivu zaidi. Faili za sauti zinahifadhiwa kwa muundo wa FLAC kwenye diski ya nje ya USB 3.0. Ruta iko sebuleni, kompyuta iko chumbani, kwa hiyo mtandao unaingia kwa Wi-Fi kupitia kidude cha USB kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Nalitaja hili sasa kwa sababu mpangilio wa vitu hivi mezani utakuja kuwa na maana.

Nafasi inatosha. Sekunde moja ya CD ni sampuli 44,100 kwa kila upande wa stirio, biti 16 kila sampuli, jumla baiti 176,400. CD iliyojaa dakika 74 inafika kama megabaiti 783, na FLAC hushusha hiyo karibu nusu bila kupoteza chochote cha sauti.

Tatizo limejitokeza papo hapo. Naweka CD, programu inasema imeshindwa kuunganisha na seva. Najaribu tena, inagoma. Naweka nyingine, inagoma vilevile. Simu yangu kwenye Wi-Fi hiyohiyo inacheza video bila kusita.

Jumamosi, usiku

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote nimejiuliza CD inahitaji intaneti ya nini. Sauti yote imo ndani ya CD. Kisichomo ni majina. CD ya kawaida ina jedwali fupi mwanzoni linalosema nyimbo ni ngapi na kila mmoja unaanzia wapi, kwa vipimo vya vipande 75 kwa sekunde, basi. Jina la msanii, jina la wimbo, mwaka, vyote hivyo havimo, isipokuwa kwenye CD chache zilizotengenezwa na CD-Text, yaani maandishi ya majina ndani ya CD yenyewe, na katika sanduku la mjomba bado sijaona hata moja.

Programu huchukua lile jedwali, hulipigia hesabu, hupata namba ya utambulisho, kisha huuliza seva ng'ambo kama inaijua CD yenye namba hiyo. Majina hurudi kwa njia hiyo. Mwishoni baadhi ya programu huuliza mara ya pili, safari hii kwa AccurateRip, hifadhi ya hesabu za nakala za watu, ili kulinganisha hesabu ya kila wimbo na waliyoipata watu wengine walionakili CD ileile. Kati ya maswali hayo mawili kuna kompyuta, draivu na mwanga wa leza tu. Mtandao hauhusiki.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa kunakili bila mtandao kabisa. Nimechomoa kidude cha Wi-Fi, nikaendesha abcde, programu ninayonakilia, kwa amri ya `abcde -n`, ambayo huiambia isiulize majina. CD ya kwaya imesomwa mwanzo hadi mwisho, nyimbo zikahifadhiwa bila majina ila zikiwa nzima. Draivu haina neno. Kuanzia hapa ninachotafuta kiko kwenye njia ya kwenda kwa seva au kwenye seva yenyewe. Yeyote anayeanza kazi kama hii namsihi aanze na jaribio hili hili, maana watu hutupa draivu nzima kwa sababu ya ujumbe wa mtandao.

Jumapili

Nimefungua faili la `/etc/abcde.conf` na jibu la kwanza lilikuwa limekaa wazi pale: anwani ya seva ni freedb.freedb.org. Freedb ilifungwa mwaka 2020.

Historia yake inafaa kujulikana. Mwaka 1993 Ti Kan alitoa programu ya kuchezea CD iitwayo xmcd, na kwake ndiko ilikotoka hifadhi ya majina iliyoitwa CDDB. Watu wa kila nchi walijaza majina ya CD zao kwa kuandika wenyewe. Baadaye hifadhi hiyo ikawa mali ya kampuni, ambayo leo inaitwa Gracenote, na masharti yakabana. Freedb ilianzishwa ili kazi ya umma ibaki kwa umma, na kwa miaka mingi karibu kila programu huru ya kunakili CD iliielekea. Ilipofungwa, mipangilio ya zamani ilibaki vilevile kwenye maelfu ya kompyuta, na bado inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Ujumbe unaoupata hausemi seva imekufa. Unasema tu haikuweza kuunganisha, nawe unaenda kuzima na kuwasha ruta.

Data ya freedb haikupotea. Gnudb inaendelea kuihudumia, na ukibadilisha anwani kuwa `gnudb.gnudb.org` programu ya zamani inafufuka. Nimeijaribu na imejibu. Hata hivyo nimeamua kuhamia MusicBrainz, hifadhi nyingine ya majina ya muziki, na sababu yangu ni CD zenyewe. Namba ya CDDB ina herufi na tarakimu 8 tu, na CD mbili tofauti huweza kugongana. Leo gnudb imeniletea majina ya Kijerumani kwa CD ya kwaya ya Nairobi. MusicBrainz hutumia jedwali lote la CD na kutoa utambulisho wa herufi 28, kwa hiyo mgongano wa namna hiyo si jambo la kutarajia. Hifadhi nzima iko wazi na mtu yeyote anaweza kurekebisha kosa au kuongeza kilichokosekana. Kwa muziki wa kwetu hilo la mwisho ndilo lenye uzito.

Kuanzia leo programu kuu ni whipper. Inauliza MusicBrainz mwanzoni, inasoma kila wimbo mara mbili na kulinganisha, kisha inauliza AccurateRip mwishoni.

Jumatatu, jioni

Stima ilipotea mchana mtaa mzima. Iliporudi nikawasha kompyuta, nikaweka CD ya rumba, na whipper ikakataa: muunganisho salama umeshindikana. Kivinjari nacho kilikataa karibu kila tovuti. Kusoma ujumbe kwa makini kumesaidia, maana ulisema cheti cha seva, hati inayothibitisha kuwa seva ni yenyewe, bado hakijaanza kutumika. Cheti hakiwezi kuwa cha kesho. Nikatazama saa ya kompyuta: Januari 2012.

Kila muunganisho salama (HTTPS) hukagua tarehe mbili za cheti, ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 inaona cheti cha mwaka huu kama kitu kisichowezekana, na inafunga mlango. Ruta ni nzima, laini ni nzima, seva ni nzima.

Chanzo ni betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu, aina ya CR2032, inayoshikilia saa wakati hakuna umeme. Hudumu miaka kadhaa, halafu huisha kimyakimya, na kwa kuwa kompyuta huachwa kwenye soketi, huuoni udhaifu wake hadi stima ipotee. Linux ingeweza kujisahihisha kwa kuuliza saa mtandaoni, lakini `timedatectl` ilionyesha huduma hiyo imezimwa. Nimeiwasha kwa `timedatectl set-ntp true`, saa ikarudi sawa, na MusicBrainz ikajibu hapo hapo. Betri mpya nitapitia kuichukua Barabara ya Luthuli mjini.

Jumatano

Betri imewekwa. Saa inashika hata nikichomoa waya wa umeme usiku kucha.

Leo kumezuka jambo jingine. Majibu ya MusicBrainz yalikuwa yanakuja, halafu katikati ya CD kadhaa mfululizo nikaanza kupata namba 503. Hii si sawa na kushindwa kuunganisha. Namba ikirudi, seva imefikiwa na imezungumza; inasema tu kwamba kwa sasa haikuhudumii. MusicBrainz huruhusu kwa wastani ombi moja kwa sekunde kutoka anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), na anayezidisha hurudishiwa 503.

Mimi naweka CD moja baada ya nyingine, siwezi kufikia kasi hiyo kwa mkono. Nikatazama nini kingine nyumbani kinazungumza na seva hiyo. Laptopu ya sebuleni ina programu ya maktaba ya muziki inayolichungulia folda hilohilo, na kila albamu mpya ikiingia nayo hukimbilia MusicBrainz kutafuta picha na taarifa za wasanii. Mashine mbili, nyumba moja, anwani moja. Nimesimamisha uchunguzi huo hadi kazi iishe, na 503 zimetoweka.

Kuna la kuongeza kwa wakazi wa maghorofa ya Nairobi. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani upande wa nje. Ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, basi hata hiyo anwani si yako ya hadharani. Watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa kuwa anwani za IPv4 zimeadimika, na safu hiyo ilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Yangu iko humo. Maana yake seva ya ng'ambo inaweza kunihesabu pamoja na majirani nisiowajua. Dawa ni subira: programu ingoje kidogo, ijaribu tena. Kuita mtoa huduma kwa ajili ya 503 ni kupoteza jioni.

Alhamisi, usiku

Sasa nimefika kwenye lile lililonisumbua tangu nilipohamia whipper. Majina yanapatikana, CD inaanza kusomwa, na ikifika mwisho AccurateRip haifikiki. Nikiweka CD inayofuata, MusicBrainz nayo haifikiki. Nikiacha kompyuta ipumzike, mtandao unarudi wenyewe. Kwa maneno mengine, mtandao unakufa kazi inapofanyika na kufufuka kazi inaposimama.

Watu wengi hapa husema laini ni mbovu. Laini haiwezi kujua kwamba nimeweka CD.

Nimefungua madirisha mawili ya amri. Moja linapiga ping kwa ruta mfululizo, yaani linatuma ujumbe mfupi na kupima jibu linachukua muda gani, jingine linapiga ping kwa anwani ya nje. Tofauti kati yao ndiyo inayosema shida iko upande upi wa ruta. Kabla ya kuanza, ruta ilikuwa inajibu kwa milisekunde 2, 3, 2, 4. Nikaanzisha whipper. Wimbo wa kwanza ulipoanza kuandikwa kwenye diski ya nje, namba zikapanda: 40, 180, 600, zaidi ya 900. Halafu mistari ikaanza kurukwa. Halafu ujumbe kwamba ruta haifikiki. Ruta yenyewe, iliyo nyuma ya ukuta mmoja! Dirisha la pili nalo lilikuwa limekufa, ila hilo halina habari mpya, kwa kuwa aliyeshindwa kufika mlangoni hawezi kufika barabarani. Mtoa huduma ametoka kwenye orodha ya washukiwa.

Jaribio lililofuata: nikaelekeza whipper iandike kwenye diski ya ndani, ile ya nje nikaichomoa. CD ileile, draivu ileile, Wi-Fi ileile. Ping ilibaki 2, 3, 3, 2 kwa CD nzima na AccurateRip ikajibu. Nikachomeka tena diski ya nje na kunakili faili kubwa kwenda kwake bila CD yoyote ndani ya draivu. Ping ikafa.

Kwa hiyo CD haina hatia. Ni diski ya nje, nayo iko kwenye tundu la USB 3.0 lililogusana na lile la kidude cha Wi-Fi. USB 3.0 hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na umeme unaopita kwa kasi hiyo hutoa kelele ya redio inayotapakaa hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo Wi-Fi ya vidude vya bei nafuu hutumia. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012, wakionyesha kwamba kelele hutoka kwenye kifaa, kwenye waya na kwenye tundu lenyewe, na kwamba kipokezi cha redio kikikaa karibu husongwa. Simu yangu haikuathirika kwa kuwa iko mbali na nyuma ya kompyuta. Kidude kilikuwa kimekaa sentimita chache tu kutoka kwenye chanzo.

Nimechukua waya wa kurefusha USB, nikakipandisha kidude hadi juu ya kabati, mbali na diski. Ping wakati wa kuandika: 3, 5, 4, 9, 3. Si safi kama ya diski ya ndani ila hakuna mstari uliorukwa. Tiba nyingine zipo. Wi-Fi ya gigahezi 5 haiguswi na kelele hii, mradi ruta na kidude vyote viwe na uwezo huo, changu hakina. Diski pia inaweza kuhamishiwa tundu la USB 2.0. Itapungua kasi, lakini kwa CD inatosha kabisa. Na bora kuliko zote ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, na huo nitauvuta mwisho wa wiki nikipata ruhusa ya mwenye nyumba kutoboa fremu ya mlango.

Niliangalia pia DNS, huduma inayogeuza majina ya seva kuwa anwani, na mlango 8880 ambao programu za kale za CDDB hutumia. Vyote sawa, sitavirudia.

Jumamosi

Mtandao umetulia na sasa naona kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Rumba karibu yote inatambulika. Taarab, chache. Kwaya na CD za River Road, karibu hakuna. Whipper inasema haikupata kitu na inasimama, na kwa mtu mwenye haraka hilo linaonekana kama mtandao umekatika tena. Haujakatika. Seva imejibu, na jibu lake ni kwamba haijapata kuambiwa kuhusu CD hii. Ukitumia `whipper cd rip --unknown` inaendelea kunakili bila majina.

AccurateRip nayo haina la kusema juu yake. Inalinganisha na walionakili kabla yako, na CD iliyochomwa dukani kwa kompyuta ya muuzaji pengine haina ndugu popote. Hapo ninategemea zile mbio mbili za whipper: hesabu za mara ya kwanza na ya pili zikilingana, nakala naiamini. Kwenye CD moja ya kwaya wimbo wa mwisho ulikataa kulingana. Nikaisafisha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nikarudia, ukalingana.

Majina nimeyafuata kwa mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. CD zangu zi hali gani?"

"Zinaendelea vizuri. Kuna hii ya karatasi ya kijani, haina majina ndani, na CD yenyewe imeandikwa tu kwa kalamu Volyumu ya 3. Nikuwekee uisikilize?"

"Weka."

Niliweka simu karibu na spika. Hakungoja hata ubeti uishe. Alitaja kwaya, akataja kanisa, akataja nani aliyekuwa anaimba sauti ya tatu, akaniambia kwamba wimbo wa nne na wa tano zimebadilishana nafasi kwenye karatasi ya kasha. Nimeandika yote. Hayo ndiyo maelezo ambayo hakuna seva iliyokuwa nayo, na kama tungechelewa miaka michache nani angeyatoa?

Ya CD zilizotoka rasmi naingiza MusicBrainz: jina la albamu, kwaya au bendi, mpangilio wa nyimbo, kisha naambatisha utambulisho wa CD ambao whipper imeutoa pamoja na kiungo chake. Naandika majina kama yalivyo kwenye kasha, herufi kwa herufi, hata mpiga chapa alipokosea tahajia, na usahihi wa mjomba nauweka kwenye maelezo; mpangilio wa nyimbo tu ndio naufuata unavyosikika. Zile mchanganyiko za kuchomwa dukani siziingizi kama albamu. Nazo nazitunza kwangu na jina la kila wimbo tunaoutambua.

Jumapili, jioni

Mwenye nyumba amekubali. Waya wa mtandao umepita chini ya zulia na kona ya fremu, kidude cha Wi-Fi kimestaafu. Ping kwa ruta wakati diski ya nje inaandikwa: chini ya milisekunde 1, mwanzo hadi mwisho.

Niliiweka tena ile ya karatasi ya kijani baada ya kuiingiza, nikaendesha whipper bila `--unknown`. Majina yote yamerudi kutoka kwa seva, ya nne na ya tano yakiwa mahali pake.

Yaliyobaki: taarab za Lamu, ambazo makasha yake yameandikwa kwa herufi za Kiarabu na mjomba amesema atakuja mwenyewe Jumamosi kunisomea. Zile za benga zenye vitundu naziweka mbele ya foleni kuanzia kesho, kwa kasi ndogo ya draivu. Programu ya maktaba ya sebuleni inabaki imesimamishwa.